Modela za gitaa: kifaa rahisi au kifaa chenye kila kitu? Maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Maswali haya nimeyakusanya kwa wapiga gitaa wenzangu, wengi wao wa kwaya na bendi za harusi, ambao huniuliza yale yale kila wakiona kifaa kipya miguuni pangu. Nimeanza na ya msingi. Kama modela tayari unayo na sauti yake inakukera, ruka uende swali la 8.

## Mambo ya msingi

1. Modela ya ampu ni nini hasa?

Ni kompyuta ndogo inayoiga tabia za ampu ya gitaa, yaani kikuza sauti chake. Unachomeka gitaa upande mmoja. Humo ndani hesabu zinafanya kazi ambayo valvu (taa za kioo za kukuza umeme), transfoma, spika na maikrofoni vingeifanya, na upande wa pili inatoka sauti iliyo tayari kwenda kwenye miksa au hedifoni. Ndiyo maana mtu anapanda daladala na begi moja lenye ampu za Fender, Vox na Marshall, mzigo ambao zamani ungekodishiwa Kirikuu.

Si jambo la jana. Roland walitoa VG-8 mwaka 1995. Line 6 wakaja na POD, ile nyekundu yenye umbo la haragwe, mwaka 1998. Axe-Fx ya kwanza ya Fractal Audio ni ya 2006, Helix ya Line 6 ni ya 2015, na Quad Cortex ya Neural DSP, kampuni ya Helsinki huko Finland, ilianza kuwafikia wanunuzi mwaka 2021.

2. Watu wakisema "rahisi" na "ya kina", wanamaanisha nini?

Tazama ncha mbili. Strymon Iridium ina nobu 6: geini (kiasi cha sauti kukwaruza), kiwango cha sauti, besi, midi (sauti za katikati), trebo, na moja ya mwangwi wa chumba. Ina swichi ya kuchagua ampu moja kati ya tatu na nyingine ya kuchagua kabineti, yaani sanduku la spika. Skrini haina. Unainama, unazungusha, unainuka, wimbo unaendelea. Axe-Fx III, kwa upande wake, ina modeli za ampu zaidi ya 200, na ukifungua moja tu unakutana na kurasa juu ya kurasa: aina ya valvu, umeme unavyolegea ukikwangua nyuzi kwa nguvu, mkunjo wa ukinzani wa spika, na kadhalika.

Ila tusidanganyane kwa kuhesabu nobu. Kwenye Iridium nako kuna maikrofoni mbele ya spika, na kuna mtu aliyeamua ikae wapi, tena huyo mtu si wewe. Kifaa rahisi ni kifaa ambacho fundi wa kiwandani amekwisha kukuamulia. Masikio yenu yakipatana, umeokoa miezi. Yasipopatana, mlango wa kwenda kubishana naye ni mwembamba. Kwenye kifaa cha kina mlango uko wazi, na kazi yote ni yako.

3. Kwa hiyo yenye menyu nyingi ndiyo yenye sauti nzuri zaidi?

Hapana. Menyu zinaongeza uwezekano, haziongezi uzuri. Mara nyingi nimesikia mwenye kifaa cha nobu tatu akimfunika mwenye kifaa cha mamilioni, kwa sababu mwenye nobu tatu alitumia jioni nzima kufanya mazoezi.

4. Kepcha na profaili zinaingia wapi? Si ndizo rahisi kuliko zote?

Kuna njia mbili. Modeli ya kawaida hutengenezwa kwa kuigiza saketi ya ampu, kwa hiyo ukizungusha geini, inakwenda karibu na pale ampu yenyewe ingekwenda. Kepcha, ambayo kampuni ya Kemper huiita profaili, inafanya kazi kama picha: unaunganisha ampu halisi, kifaa kinaipigia milio ya majaribio, kinasikiliza inavyojibu, na baada ya muda mfupi unayo nakala.

Kwa anayejua anachotaka, kepcha ni rahisi mno. Unapakua ya mtu mwenye ampu nzuri na maikrofoni nzuri, unapiga. Tatizo ni kwamba picha ilipigwa nobu zikiwa mahali fulani. Ukiongeza geini sana kuliko ilivyokuwa siku hiyo, kifaa kinaanza kukisia. Besi na trebo nazo mara nyingi ni ikwalaiza (kirekebisha besi na trebo) ya kawaida tu, si zile za ampu iliyopigwa picha. Kemper waliliona hilo, ndiyo maana wakaongeza Liquid Profiling, inayoipa profaili nobu zinazofanya kazi kama za ampu yake ya asili.

Basi anayetegemea kepcha huishia kuwa na thelathini za ampu ile ile, kila moja kwa geini yake, na kuchagua kati ya thelathini nako ni menyu.

## Kununua

5. Ndiyo kwanza naanza. Ninunue ipi?

Nunua ambayo unaweza kuitumia bila kufungua kitabu cha maelekezo: ampu ndogo ya mazoezi yenye modeli ndani, kama Boss Katana, au pedali (kifaa kidogo cha kukanyaga kwa mguu) ya bei nafuu yenye nobu zinazoonekana. Mwaka wa kwanza unahitaji kujua geini ni nini na midi inafanya nini, na hayo mkono huyajifunza haraka kwenye nobu ambayo haibadilishi kazi kila ukigeuza ukurasa.

6. Si bora ninunue kubwa moja kwa moja, nikue nayo?

Inategemea unapenda nini. Jiulize: ukinunua simu mpya, unaingia kwenye mipangilio yote usiku ule ule, au unapiga picha na kulala? Wa kundi la kwanza atafurahia Helix au Fractal tangu siku ya kwanza. Wa kundi la pili atatumia priseti nne za kiwandani (sauti zilizopangwa na kuhifadhiwa tayari) kwa miaka miwili, kisha atakiuza akisema sauti yake ni ya plastiki.

Kuna na hoja ya pesa. Kifaa kikubwa kikuukuu kinaweza kukaribiana bei na kidogo kipya. Kama unajua utakihitaji, kilichotumika si dhambi, ila soma kwanza swali la 18.

7. Skrini ya kugusa inamaliza ubishi huu?

Inapunguza. Quad Cortex ina skrini ya inchi 7, unaburuta vipande kwa kidole kama kwenye simu, na swichi zake za miguu zinazungushwa pia kama nobu, kwa hiyo ukiinama unazikuta zote mbili mahali pamoja. Helix ilitumia ujanja mwingine: swichi za miguu zinahisi kuguswa, unaweka kidole bila kubonyeza na skrini inakuletea pedali iliyofungwa pale.

Lakini skrini hurahisisha kufika tu. Ukifika kwenye ukurasa wenye vigezo 20 usivyovijua, bado huvijui. Halafu jaribu kuburuta kwa kidole chenye jasho, saa saba usiku, ukumbi umezimwa taa.

## Kutafuta sauti

8. Mbona priseti za kiwandani zinasikika kama nyuki kwenye debe?

Mara nyingi kosa liko mwisho wa njia. Spika ya gitaa haitoi sauti za juu kabisa: Celestion, watengenezaji wa spika, wanaandika Vintage 30 yao kuwa inafanya kazi kati ya Hz 70 na Hz 5000. Spika za ukumbini na hedifoni zinapanda mpaka karibu na Hz 20,000. Ukizima uigizaji wa kabineti, au ukawa umezimika bila wewe kujua, makwaruzo yote ambayo spika ya gitaa ingeyameza yanakuja usoni.

Upande wa pili, ukichomeka modela kwenye ampu ya kawaida ya gitaa huku uigizaji wa kabineti unafanya kazi, unapata spika ndani ya spika, na sauti inakuwa kama inatoka chini ya godoro. Kwa hiyo kabla ya kulaumu priseti, angalia umechomeka wapi na kabineti imewashwa au imezimwa. Nusu ya wanaoniambia "hiki kifaa ni kigumu" huishia hapo.

Sababu nyingine ni za kibiashara. Priseti za mwanzo zimetengenezwa zivutie dukani kwa dakika mbili, mtu akiwa peke yake na hedifoni: mwangwi mwingi, geini nyingi, besi ya kutikisa. Hakuna mpiga besi wala kinanda mle.

9. Nikianza na ukurasa mtupu, niguse nini kwanza?

Weka ampu moja na kabineti moja. Basi. Usiweke pedali yoyote. Pandisha sauti ifike kiwango utakachopigia kweli, au karibu nacho, kisha anza na kabineti, si ampu. Kubadilisha kabineti, au kuisogeza maikrofoni kutoka katikati ya spika kuelekea ukingoni, kunabadilisha sauti kuliko nobu yoyote ya ampu. Katikati panakata kama wembe, ukingoni panalainika. Watu hutumia saa nzima kupambana na trebo kumbe maikrofoni imeelekea katikati.

Halafu vichujio viwili, ambavyo vifaa vingi huviandika Low Cut na High Cut: kimoja kinakata sauti za chini kabisa, kingine za juu kabisa. Cha chini mimi hukiweka kati ya Hz 80 na 120 nikipiga na bendi. Cha juu naanzia Hz 7000 na kushuka mpaka makwaruzo yapungue bila gitaa kufa. Baada ya hapo geini, na punguza kidogo kuliko unavyotamani. Besi, midi na trebo mwisho. Pedali na mwangwi ukishapata sauti inayosimama bila hivyo.

Nimewaona wengi wakifuata mpangilio huu kwa dakika 15 na kuacha kutafuta kifaa kingine.

10. Na yale ya ndani kabisa, Sag, Bias na wenzake? Nayahitaji?

Mawili nayagusa, mengine nayaacha.

La kwanza ni Master, nobu ya kudhibiti nguvu inayofika kwenye valvu za mwisho. Ampu za zamani kama Marshall za mwisho wa miaka ya 1960 hazikuwa na nobu hiyo kabisa: sauti yake ilitokana na valvu za mwisho kusukumwa kwa nguvu. Kwenye modeli zake utaikuta Master imewekwa juu kabisa, na wapigaji huishusha kwa kudhani ni sauti tu. Ukiishusha umeua ampu. Kama ni sauti unapunguza, tafuta kiwango cha kutokea cha kipande hicho.

La pili ni Sag, yaani umeme wa ampu unavyozama ukipiga kwa nguvu halafu ukarudi. Ukiiongeza, noti inanyong'onyea kidogo mwanzoni kisha inachanua, na mkono unahisi ulaini. Ukiipunguza, ridhimu ya haraka inakuwa kavu na ya kukatika vizuri. Utaihisi vidoleni kabla ya kuisikia.

Bias, Hum, Ripple na nduguze ni vya siku ya mvua. Hakuna aliyewahi kunifuata baada ya shoo kuniambia Bias yangu ilikuwa nzuri.

11. Mimi napiga sebene na benga, sauti safi tu. Nahitaji modela ya kina kweli?

Kwa geini, huhitaji. Ampu moja safi inatosha, kompresa kidogo (ya kusawazisha noti za nguvu na za upole), dilei fupi (ya kurudia noti kama mwangwi), kazi imekwisha. Kifaa rahisi kitakufikisha.

Pale ambapo udhibiti wa kina unasaidia ni mahali wengi hawapategemei: nguvu ya kidole. Solo ya juu shingoni, noti nyingi za haraka, inahitaji kila noti iwe na ncha yake bila kuchoma masikio, na hapo kompresa yenye nobu ya kuchelewesha kushika ina thamani kuliko ampu 200. Acha ncha ipite kwanza, kisha ishike.

Jingine ni korasi, ule mlio mpana unaoyumba. Roland JC-120, iliyotoka mwaka 1975, ina spika mbili za inchi 12: moja inatoa sauti kavu, nyingine inatoa ile inayoyumba, na zinakutana hewani. Modela nyingi zinayo (kwenye Helix inaitwa Jazz Rivet 120), lakini ukitoka kwa waya mmoja kwenda kwenye miksa, kule kukutana hewani hakupo na upana unapungua. Kama ukumbi una stirio na fundi yuko tayari, mpe nyaya mbili. Kumbi nyingi hazina, kwa hiyo tengeneza sauti yako kwa waya mmoja kwanza.

12. Nimenunua priseti ya mpigaji ninayempenda. Mbona haifanani?

Alitengeneza kwa pikapu zake (sumaku za gitaa zinazonasa mlio wa nyuzi), mkono wake na spika zake. Pikapu zenye nguvu zaidi zitaisukuma ampu kwenye geini ambayo yeye hakuikusudia. Anza kwa kupunguza geini au kiwango cha kuingilia, kisha badilisha kabineti kama ilivyo kwenye swali la 9. Kama bado haifanani, imebaki mikono, na hiyo haipakuliwi.

13. Chumbani ni tamu, ukumbini ni mbovu. Nimekosea wapi?

Sikio lako halisikii sawasawa kwa sauti ndogo na kubwa. Fletcher na Munson wa maabara za Bell walilipima hili mwaka 1933: kwa sauti ya chini, besi na sauti za juu zinafifia masikioni kuliko za katikati. Chumbani, usiku, usiwaamshe watoto, unaongeza besi na trebo mpaka uridhike. Ukumbini vyote vinarudi kwa riba: besi inavuma, trebo inachoma, na midi, ambayo ndiyo gitaa lenyewe, imezama chini ya kinanda.

Kama huna pa kupigia kwa sauti kubwa, tengeneza chumbani priseti inayokuboa kidogo, yenye midi nyingi na besi chache kuliko unavyopenda.

## Jukwaani

14. Nikihama priseti, sauti inakatika kidogo. Kifaa kibovu?

Si kibovu. Kinafunga ampu moja na kufungua nyingine, na vingi huacha pengo dogo. Dawa ni kukaa ndani ya priseti moja na kutumia snapishoti: Line 6 huziita Snapshots, Fractal na Neural DSP huziita Scenes. Vipande ni vile vile, ila kimoja kinawaka, kingine kinazima na geini inapanda kwa mguso mmoja. Helix ya sakafuni inakupa 8 kwa kila priseti. Harusi nzima mimi hutumia 4.

15. Nimwambie nini fundi mitambo?

Mwambie unampa waya mmoja wa XLR wenye sauti iliyokamilika, asitafute maikrofoni. Weka kiwango cha kutokea kiwe cha maikrofoni kama ndivyo chaneli yake ilivyo, na mwombe azime ile volti 48 (umeme ambao miksa hupelekea maikrofoni) kwenye chaneli yako kama kitabu cha kifaa chako hakiiruhusu. Kisha piga kwa nguvu yote utakayotumia kwenye solo wakati anapanga. Ukimpigia kinyenyekevu, atakushusha wimbo wa pili na hatakupandisha tena.

16. Kifaa changu ni cha kina. Naweza kukifanya kiwe rahisi?

Ndiyo, na ni wajibu. Nililijua hili Morogoro, kwenye harusi. Priseti yangu ya nyumbani ilikuwa na besi ya kujivunia, ukumbi ulikuwa na vigae kila mahali, na gitaa likaanza kuvuma juu ya besi ya mwenzangu. Nikachuchumaa kutafuta kichujio cha chini. Ukurasa wa kwanza hakimo, wa pili hakimo. MC anaita maharusi waingie. Mpiga kinanda akanitazama, akatikisa kichwa, akaanza utangulizi uliokuwa wangu. Nilipokiona, maharusi walikuwa wameshakaa.

Tangu siku ile, mambo manne hayakai ndani ya menyu: geini, midi, kichujio cha chini na kiwango cha solo. Vifaa vingi vya kina vina mahali pa kuyaweka. Fractal wana kurasa za jukwaani ambako unachagua vigezo unavyotaka vikae mbele. Helix ina ikwalaiza ya jumla inayogusa priseti zote kwa mpigo mmoja, nayo ndiyo dawa ya ukumbi wa vigae. Mengine yote nayafanya nyumbani kwa programu ya kompyuta, kwenye skrini kubwa, nikiwa na chai.

## Maswali ya pembeni

17. Nimesasisha programu ya kifaa na sauti yangu imebadilika. Inawezekana?

Inawezekana. Watengenezaji huboresha modeli, na iliyoboreshwa si lazima ifanane na uliyoizoea. Hifadhi nakala ya priseti zote kwenye kompyuta kabla ya kusasisha, na usisasishe ndani ya wiki yenye kazi. Hapa kifaa rahisi kina amani yake: vingi havisasishwi kila mara.

18. Nanunua kilichotumika kutoka Marekani. Umeme je?

Soma maandishi kwenye adapta yenyewe. Ikiandikwa 100–240V, badilisha kichwa cha plagi tu. Ikiandikwa 120V peke yake, usiichomeke kwenye umeme wetu wa 230. Nunua adapta nyingine yenye volti, ampia na mpangilio wa chanya na hasi ule ule. Kumbuka pia kwamba umeme ukikatika na kurudi, kifaa kikubwa huchukua muda kuwaka, na ulichobadilisha bila kuhifadhi kimekwenda. Kidogo chenye nobu kinarudi pale pale nobu zilipo.

19. Naweza kupata haya bure kwenye kompyuta?

Ndiyo. Neural Amp Modeler ni programu huria, na kepcha zake zinapatikana mtandaoni bila malipo. Ina ugumu wa kepcha nilioueleza swali la 4, na mmoja wa kompyuta: kuchelewa kwa sauti. Bafa (akiba ya sauti ambayo kompyuta huishika kabla ya kuitoa) ya sampuli 128 kwa 48 kHz inachelewesha karibu milisekunde 2.7 kwa hatua moja tu. Ongeza njia ya kuingia, kutoka na vifaa vyenyewe, vidole vinaanza kuhisi. Bila kiolesura cha sauti (kifaa cha kuingizia gitaa kwenye kompyuta) chenye dereva nzuri, yaani programu ya kukiendesha, utaishia kulaumu gitaa.

20. Nitajuaje kwamba kifaa changu rahisi kimenifikisha mwisho?

Utaweza kutaja kwa sentensi moja kitu ambacho hakifanyi. "Nataka dilei izime wakati ule ule geini inapanda, kwa mguu mmoja." "Nataka hedifoni ziwe na kabineti lakini ampu nyuma yangu isiwe nayo." Mwenye sentensi kama hiyo, mwonyeshe duka. Akija ananiambia tu kwamba sauti yake haina uhai, namrudisha swali la 8, na namkumbusha abadilishe nyuzi.